Kuchimba njia ya meli: bei inatoka wapi?

Ukiagiza lori la mchanga wa kujengea, dereva hakuulizi tu unataka mchanga kiasi gani. Anauliza pia, "Saiti iko wapi?" Umbali ukiongezeka, bei inapanda, hata kama mchanga ni uleule.

Kuchimba njia ya meli bandarini ni hivyohivyo. Tofauti ni kwamba lori ni meli, mchanga uko chini ya maji, na anayelipa ni serikali, yaani mimi na wewe. Mito na mawimbi hujaza tope kwenye njia hiyo, na kina kikipungua meli kubwa hulazimika kupakia mzigo pungufu au kusubiri maji yajae.

Sasa shika kalamu. Tuseme njia ina urefu wa kilomita 10 na upana wa mita 200. Wapimaji wamepita na boti yenye kipimo cha mwangwi, wakakuta tope la kuondoa lina unene wa wastani wa mita 1.2. Zidisha: mita za ujazo 2,400,000.

Wengi wangeishia hapo na kuuliza bei ya kila mita. Mkadiriaji mzoefu anauliza kitu kingine: kazi itachukua siku ngapi? Meli ya kuchimba inakula pesa kila siku, iwe inachimba au imetulia: mafuta, mishahara, matengenezo, bima.

Tuseme meli yetu inanyonya tope, inalibeba tumboni, na kwenda kulimwaga kilomita 10 baharini. Kila safari inabeba mita za ujazo 4,000. Kujaza ni saa 1.5, kwenda na kurudi saa 1, kumwaga na kugeuza nusu saa. Jumla ni saa 3. Ikifanya kazi saa 18 kwa siku, ni safari 6, na kazi inakwisha kwa siku 100. Kama siku moja inagharimu dola 100,000, bili ni dola milioni 10.

Halafu mamlaka ya mazingira inasema tope likamwagwe kilomita 25. Safari sasa ni saa 4.5, kwa siku ni safari 4 tu, na siku zinakuwa 150. Bili imefika dola milioni 15. Tope halijaongezeka hata ndoo moja!

Mitego mingine ipo. Meli haichimbi kwa usahihi wa rula, kwa hiyo mkataba huruhusu kuzidisha kina kidogo. Kwenye njia yetu, sentimita 30 za ziada ni mita za ujazo 600,000. Udongo nao una maneno yake: tope laini hunyonywa haraka, lakini mwamba huhitaji mashine ya kukata. Ndiyo maana sampuli za udongo huchukuliwa mapema. Na kabla ya ndoo ya kwanza, kuna gharama ya kuileta meli yenyewe, pengine kutoka bara jingine.

Kwa nini serikali ijisumbue na hesabu hii wakati wakandarasi wataleta bei zao? Kwa sababu bila makadirio yake, haina cha kulinganisha. Marekani, kazi hii iko chini ya Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi. Makadirio yao hufungwa kama siri hadi zabuni zifunguliwe, na sheria inazuia kutoa mkataba ambao bei yake inazidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 25.

Bei ya chini mno nayo isikufurahishe haraka. Huenda mkandarasi hajaelewa udongo, na katikati ya kazi atarudi na madai ya nyongeza.

Kwa hiyo siku ukisikia bandari fulani inaongezwa kina kwa mabilioni, usiulize tu ni mita ngapi. Uliza: udongo gani, na unamwagwa wapi?