Kitabu cha Kielektroniki: Kwa Nini Kilikosa Soko Hapo Awali?

Tunapofunza fasihi andishi aghalabu tunahakiki maudhui na fani, tukakisahau chombo kinachoibeba matini. Hebu tukitazame chombo hicho, kwani historia yake inamhusu mtahiniwa moja kwa moja.

Rocket eBook na SoftBook, vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki, viliingia soko la Marekani mwaka 1998. Gemstar ilizinunua kampuni zilizoviunda mwaka 2000, lakini ilipofika 2003 ilikuwa imeiacha biashara hiyo. Kiini cha anguko hilo ni nini?

Kwanza, bei. Kindle ilipozinduliwa Novemba 2007, iliuzwa kwa dola 399, yaani takriban shilingi 26,000 za Kenya wakati huo. Mzazi wa Eldoret angetoa kiasi hicho kabla hajanunua kitabu hata kimoja! Isitoshe, kifaa chenyewe kiliuzwa Marekani pekee, na ununuzi wa mtandaoni ulihitaji kadi ya benki. M-Pesa ilikuwa na miezi minane tu, na nyaya za kwanza za intaneti za chini ya bahari hazikufika Mombasa hadi 2009.

Pili, umiliki. Kitabu cha karatasi kina maisha marefu. Mwanafunzi akimaliza Kidato cha Nne humwachia mdogo wake, au humwuzia mchuuzi wa vitabu vikuukuu. Vitabu vingi vya awali vya kielektroniki vilifungiwa katika kifaa cha mnunuzi. Havikuazimika wala kuuzika tena. Vile vya Sony Librié, kifaa kilichotolewa Japani mwaka 2004, vilijifunga baada ya siku 60. Mtahiniwa anayeirudia riwaya teule hadi mkesha wa mtihani angefaidika vipi?

Tatu, matumizi darasani. Mwalimu huagiza, "Fungueni ukurasa wa 45." Kindle ya mwanzo haikuonyesha kurasa za chapa ya karatasi, nambari hizo zililetwa mwaka 2011. Darasa la wanafunzi hamsini lingeafikianaje kuhusu dondoo?

Huenda ukauliza: je, serikali ikigharamia kifaa? Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Moi, hapa Eldoret, kwa ushirikiano na kampuni ya JP.SA.Couto ya Ureno, kilikuwa miongoni mwa waliopewa kandarasi ya vifaa vya kidijitali vya shule za msingi. Kikwazo cha bei kilimwondokea mtoto wa darasa la kwanza. Hata hivyo, mpango huo haukumlenga mtahiniwa wa sekondari, ambaye simu pia amekatazwa shuleni. Ni bayana kwamba kifaa peke yake hakiundi soko. Kitabu hununuliwa pale kinapoingia katika mazoea ya msomaji.

Mwalimu mwenzangu, ukiletewa nakala ya kielektroniki ya tamthilia teule, uliza: Je, mwanafunzi ataifikia bwenini? Ataweza kumwazima mwenzake? Kurasa zake zinalingana na za chapa ya karatasi? Jibu likiwa la, usiifanye badala ya kitabu. Nawe mtahiniwa, jihadhari na muhtasari unaosambazwa kwa simu. Swali la muktadha wa dondoo humtaka aliyeisoma kazi yenyewe: nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa sababu gani. Muhtasari hautakujibia hayo.