Handaki Lililokuwa Fupi Mno

Barabara ya A303 ndiyo njia kuu ya magari yanayotoka London kwenda kusini magharibi mwa Uingereza. Inapofika uwanda wa Salisbury, katika eneo la Wiltshire, inapita mita 165 hivi kutoka kwenye mawe ya Stonehenge, na papo hapo inabanwa ikawa njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Magari zaidi ya 20,000 huipita kwa siku. Msimu wa likizo ukifika foleni hukazana, na madereva wenye haraka huchepukia vijiji vya jirani kama Shrewton, huku kijiji cha Winterbourne Stoke kikiwa kimepasuliwa katikati na barabara hiyo hiyo. Dawa iliyotangazwa na serikali Desemba 2014 ilikuwa kuipitisha barabara chini ya ardhi: lichimbwe handaki, ambalo baadaye lilipangiwa urefu wa kilomita 3.3, na barabara ipanuliwe iwe na njia mbili kila upande. Kwa mtazamaji wa mbali, huo ulikuwa mpango ambao kila mpenda mambo ya kale angeupigia makofi. Kumbe waliotangulia kuupinga walikuwa wanaakiolojia wenyewe, na upinzani huo ulidumu takriban miaka 10, mitaani na mahakamani. Ninaamini wapinzani walikuwa na haki, na haki yao inaanzia kwenye hesabu moja nyepesi: eneo la Urithi wa Dunia ambalo barabara inalikata lina upana wa kilomita 5.4 hivi, na handaki lilikuwa na urefu wa kilomita 3.3.

Tofauti hiyo ya kilomita mbili na ushei ndiyo kiini cha ugomvi wote. Midomo yote miwili ya handaki ingefunguka ndani ya eneo lililohifadhiwa. Upande wa magharibi hali ingekuwa mbaya zaidi, kwa sababu kabla ya kuingia chini magari yangeteremka kwenye mtaro wa wazi wa urefu wa kilomita moja hivi, uliochongwa kwenye mwamba wa chaki kwa kina cha mita kadhaa na kwa upana wa kubeba njia nne za magari. Mtaro wa namna hiyo haufukiwi tena. Barabara ya lami juu ya ardhi unaweza kuing'oa, nako huko huko Stonehenge iling'olewa: barabara ndogo ya A344, iliyokuwa ikipita karibu kabisa na mawe na kuikata njia ya kale ya maandamano, ilifungwa mwaka 2013 na mahali pake pakaoteshwa nyasi. Makosa ya karne ya magari yalirekebishwa kwa miezi michache. Chaki iliyochimbwa ikabebwa na malori haina marekebisho ya aina hiyo.

Wapo watakaouliza, ikiwa mawe yenyewe hayaguswi, mtaro ulio mbali nayo unadhuru nini? Jibu linahitaji kueleza Stonehenge ni kitu gani. Picha za utalii zimetuzoesha kuona duara la mawe limesimama peke yake majanini, lakini waliolijenga hawakulijenga peke yake. Kazi ya kwanza, ukingo na mfereji wa mviringo, ilifanywa karibu mwaka 3000 KK. Mawe makubwa yakasimamishwa karibu 2500 KK, mengine yakiwa na uzito wa tani 25 au zaidi. Kutoka hapo inatoka njia ya maandamano, yenye kingo za udongo pande zote mbili, ikitambaa kilomita 2.8 hadi mto Avon. Kwenye vilima vya pembeni yamepangwa matuta ya makaburi kwa mamia, mengi yakiwa mahali ambapo walio hai wangeweza kuyaona wakiwa kwenye mawe. Mojawapo ni Bush Barrow, upande wa kusini wa barabara kuu ya leo, ambako mwaka 1808 ulifukuliwa mwili wa mtu aliyezikwa na vipande vya dhahabu vilivyochorwa kwa ustadi wa ajabu. Mhimili wa mawe unaelekea kaskazini mashariki, linakochomoza jua la siku ndefu kuliko zote, na kwa upande wa pili unaelekea kusini magharibi, linakotua jua la siku fupi kuliko zote. Unesco ilipoiandikisha Stonehenge mwaka 1986, pamoja na Avebury, iliandikisha ardhi hii nzima, karibu kilomita za mraba 26 kwa upande wa Stonehenge, na makaburi, njia na kingo zilizomo ndani yake.

Na ardhi hiyo bado haijamaliza kusema. Hapa ndipo ushahidi ulipowaelemea watetezi wa mpango. Karibu na mji wa Amesbury, kando kabisa ya A303, iko chemchemi ya Blick Mead. Timu ya mwanaakiolojia David Jacques imekuta humo maelfu ya vipande vya gumegume na mifupa ya ng'ombe mwitu wakubwa waliokwisha kutoweka duniani, mabaki ya watu waliokuwa wakipiga kambi hapo maelfu ya miaka kabla ya jiwe la kwanza kusimamishwa. Mabaki hayo yamedumu kwa sababu udongo wake ni wa majimaji. Ukikauka, yaliyosalia yanaoza. Haishangazi kwamba Jacques alihofia kazi za handaki zingegusa maji ya chini ya ardhi. Kisha ukaja mwaka 2020. Timu iliyoongozwa na Vincent Gaffney ilitangaza kwamba kuzunguka Durrington Walls, kijiji kikubwa cha kale kilicho umbali mfupi kutoka kwenye mawe, kuna mashimo makubwa yaliyofukiwa zamani, mapana kama mita 10 na yenye kina cha mita 5, yaliyopangwa katika mviringo unaozidi kilomita mbili kutoka ukingo hadi ukingo. Hii ni ardhi ambayo imechunguzwa na wataalamu kwa karne kadhaa, labda kuliko ardhi yoyote ya Uingereza, na bado kitu cha ukubwa huo kilikuwa kimejificha humo. Miezi michache baadaye, Novemba mwaka huo huo, Waziri wa Uchukuzi Grant Shapps aliidhinisha mradi.

Watetezi wa mradi walikuwa na jibu la kitaalamu: wanaakiolojia wangechimba kwanza, wakahifadhi na kuandika kila kitu, ndipo mitambo iingie. Jibu hilo linasikika vizuri mpaka uulize udongo wa juu ungeshughulikiwaje. Kwenye mashamba ya uwanda ule, sehemu kubwa ya ushahidi wa watu wa kale haiko ndani ya makaburi. Imetawanyika kwenye tabaka la juu linalolimwa: vipande vya gumegume, vigae, taka za kazi za mikono. Kila kipande peke yake ni kidogo na hakina thamani sokoni, lakini mtawanyiko wake wote ndio unaoonyesha watu waliishi wapi, walichonga wapi, walipita wapi. Ili kuupata, udongo lazima uchekechwe. Kuuchekecha wote kunakula muda na pesa, kwa hiyo mpango ulitegemea kuchekecha sampuli. Mike Parker Pearson, aliyeongoza uchimbaji wa miaka mingi katika eneo hilo, alionya waziwazi kwamba kwa njia hiyo idadi kubwa mno ya vitu ingepotea bila kuonwa na yeyote. Isitoshe, hata uchimbaji uliofanywa kwa uangalifu wote ni kuharibu kwa utaratibu. Tunachimba kwa maarifa ya leo na kuwanyima wa kesho, wenye vipimo ambavyo hatuvijui. Agosti 2024 uchambuzi wa madini ulionyesha kwamba jiwe moja la katikati ya Stonehenge, lililodhaniwa kwa miaka mingi kuwa la Wales, lilitoka kaskazini mashariki mwa Scotland, mwendo wa zaidi ya kilomita 700. Mchimbaji wa mwaka 1808 hakuwa na njia ya kuota jambo hilo.

Pingamizi zito zaidi, ninalolichukulia kwa heshima zote, ni kwamba barabara iliyopo nayo inadhuru. English Heritage, wanaosimamia mawe, na National Trust, wenye sehemu kubwa ya ardhi ya jirani, waliuunga mkono mradi, na hawakuwa wajinga wala wasaliti. Waliona kelele na mwendo wa malori vikiondoka, watembea kwa miguu wakivuka kutoka kaskazini kwenda kusini bila hofu, njia ya kale ikiunganishwa tena. Yote hayo ni faida ya kweli. Kosa liko kwenye mizani iliyotumika. Mradi ulipima faida ya katikati ya eneo, ukatoa humo hasara ya pembeni, ukapata jumla ya kuridhisha. Hesabu hiyo inafaa kwenye biashara, ambako shilingi ya huku inaziba pengo la shilingi ya kule. Makaburi ya magharibi hayafidiwi kwa utulivu wa katikati, maana kilichopotea na kilichopatikana si vitu vya aina moja: utulivu unaweza kuletwa mwaka wowote kwa njia nyingine, kaburi haliletwi. Wakaguzi wa mipango wa serikali yenyewe, baada ya kusikiliza pande zote, walifikia uamuzi wa namna hiyo. Walisema madhara yangekuwa ya kudumu na yasiyorekebishika, wakashauri mradi ukataliwe. Waziri akaamua kinyume, akisema madhara hayakufikia kiwango hicho.

Wapinzani wakaenda Mahakama Kuu. Julai 2021 Jaji Holgate aliufuta uidhinishaji huo kwa sababu mbili. Kwanza, waziri hakuwa na taarifa za kutosha za kupima athari kwa kila kitu cha kale kitakachoguswa. Ya pili ndiyo ninayoiona ya maana zaidi: hakuzifikiria ipasavyo njia mbadala, ikiwemo kulirefusha handaki upande wa magharibi au kuufunika mtaro. Hapo mahakama iliweka wazi jambo ambalo kelele za magazeti zilikuwa zimelifunika. Wengi wa wapinzani hawakuwa na chuki na handaki kama handaki. Walitaka lianzie na kuishia nje ya eneo, au barabara ipitishwe kwingine. Walichokataa ni handaki fupi lililofupishwa na bei.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua kesi hii kwa sura nyingine. Mwaka 2010 serikali ya Tanzania ilitangaza barabara ya kukatiza kaskazini mwa Serengeti, nayo ilikuwa na sababu zake za maendeleo kwa wananchi wa huko. Juni 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha iliizuia barabara ya lami ndani ya hifadhi. Mjadala mzima ulizunguka swali lile lile: je, njia ya kuzunguka kusini imefikiriwa kwa dhati? Mkataba wa Urithi wa Dunia unaotubana sisi ndio unaoibana Uingereza, na haupaswi kuwa mkali kwa nchi zetu na mpole kwa wakubwa. Oman ilikuwa ya kwanza kufutiwa eneo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, mwaka 2007, baada ya kuipunguza hifadhi ya choroa wa Arabuni kwa asilimia 90. Bonde la Elbe la Dresden, Ujerumani, likafuata mwaka 2009 kwa ajili ya daraja, na huko Unesco ilikuwa imependekeza handaki badala yake. Handaki, basi, halina ubaya wala uzuri wa kuzaliwa nao. Linapimwa kwa mahali linapotokeza.

Mwisho wa mradi wa Stonehenge haukuletwa na hoja hizi. Julai 2023 waziri mwingine, Mark Harper, aliuidhinisha upya mradi ule ule, na Februari 2024 Mahakama Kuu ikasema safari hii taratibu za kisheria zimefuatwa. Tarehe 29 Julai 2024 Waziri wa Fedha Rachel Reeves akaufuta kwa sababu serikali mpya haikuwa na pesa. Gharama ilikuwa imepanda kutoka paundi bilioni 1.7 hadi 2.5 hivi. Mpango wa kabla yake, wa handaki la kilomita 2.1, nao ulikufa mwaka 2007 kwa bei, baada ya wahandisi kukuta chaki dhaifu na maji yaliyo karibu na uso wa ardhi. Mara mbili ardhi ile imeokolewa na mfuko mtupu, na mfuko hujaa tena. Rufaa ya wapinzani ilitupwa Oktoba 2024, kwa hiyo hakuna hukumu inayomzuia waziri ajaye kuleta handaki fupi lingine.

Wakati huo huo wakazi wa Winterbourne Stoke na Shrewton hawajapata chochote, na wapinzani wa mradi wana deni kwao. Baadhi ya wapinzani hao wamekuwa wakitaja reli ya Salisbury hadi Exeter, inayofuata uelekeo ule ule wa A303 na ambayo sehemu kubwa ya urefu wake ilipunguzwa kuwa njia moja mwaka 1967, hata treni zinalazimika kusubiriana. Kuirudishia njia ya pili, pamoja na kuwazuia madereva wa malori kukatiza vijijini, ni kazi inayoweza kuanza bila kugusa hata jembe moja la ardhi ya kale.