Umebadilisha Kontroli Boksi na Gari Bado Haliwaki? Usiitupe ya Zamani

Leo tuweke pembeni mbolea na viwavi, tuongee kuhusu gari, maana nyanya haziendi sokoni zenyewe.

Msimu uliopita kijana mmoja hapa katani alipeleka pikapu yake ikachomelewe bomba za bodi ili apakie mzigo zaidi. Fundi akachomelea bila kufungua betri. Kesho yake alfajiri, matenga 20 ya nyanya yako juu, gari haliwaki. Akapimiwa, akaambiwa kontroli boksi imeungua. Akanunua ya mtumba, ikafungwa. Stata inazungusha injini vizuri tu, ila gari limegoma. Siku ya 3 nyanya zilishaanza kutoa maji, akaziuza kwa bei ya hasara.

Boksi aliyonunua ilikuwa nzima kabisa. Ilichokosa ni kuutambua ufunguo wake.

Kwa nini gari linagoma?

Kontroli boksi ndiyo inayopanga injini ipate mafuta kiasi gani na kwa wakati gani. Magari mengi ya siku hizi yana pia imobilaiza, yaani kinga ya wizi. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo yenye namba yake. Ukiwasha swichi, koili iliyozunguka tundu la ufunguo inaisoma namba hiyo, kisha gari linailinganisha na zile lilizohifadhi. Kwenye magari mengi namba hizo zinakaa ndani ya kontroli boksi. Mengine yana kiboksi cha pembeni kinachowasiliana nayo. Zisipolingana, injini haipewi mafuta au moto. Sasa boksi ya mtumba inakumbuka funguo za gari ilikotoka, za kwako haizijui.

Fanya hivi

1. Hakikisha kwanza. Pima betri, fyuzi, rilei na nyaya za ethi. Ethi mbovu inaweza kukudanganya kwamba boksi imekufa.

2. Tunza boksi ya zamani. Hata ikiungua, chipu yake ya kumbukumbu inaweza kuwa bado nzima. Fundi umeme mwenye vifaa anaisoma data na kuihamishia kwenye boksi nyingine. Usikubali kumwachia muuzaji ili akupunguzie bei.

3. Nunua yenye namba ileile iliyo kwenye lebo. Injini kufanana haitoshi, kwa sababu gari la gia otomatiki na la manyuo yanaweza kutumia boksi tofauti.

4. Data ikishindikana kusomwa, tafuta seti kutoka gari moja: boksi, kiboksi cha imobilaiza kama kipo, na ufunguo wake. Chipu ya ufunguo huo inaweza kuhamishiwa kwenye ufunguo wako.

5. Patana bei ya kazi nzima, kufunga na kuhamisha data. Nenda na funguo zote na kadi ya gari, na mwambie fundi atunze nakala ya data kabla ya kuandika chochote.

Kinga

Fungua waya wa hasi wa betri kabla ya kuchomelea chochote kwenye gari. Ukiazima moto, usigeuze chanya na hasi. Ukiosha injini, usielekeze maji ya presha kwenye boksi.

Yule kijana, bahati nzuri boksi yake ya zamani ilikuwa bado chini ya siti. Fundi wa mjini alihamisha data mchana mmoja tu, gari likawaka. Hasara ya nyanya ilibaki kwake.