Mbegu ya Mkarafuu na Mikataba ya Mataifa

Wanachama kadhaa wameuliza kama ile mikataba ya mataifa juu ya kuhifadhi viumbe inamhusu mkulima wa karafuu, au ni mambo ya wakubwa tu. Inamhusu, na sisi khasa.

Mkarafuu asili yake si hapa, ni visiwa vya Maluku, nchi ya Indonesia. Katika karne ya 17 Waholanzi waliikata mikarafuu ya visiwa vingine ili ibaki Ambon, walikoweza kuilinda. Hata hivyo, mnamo mwaka 1770 watu wa Mfaransa Pierre Poivre walitorosha miche mpaka Morisi, na mwanzoni mwa karne ya 19 mbegu ikafika Unguja. Basi mashamba yetu yametokana na miche ya magendo. (Msione haya, hakuna wa kutudai leo.) Lakini miche ile ilikuwa michache, na hapo ndipo penye khatari. Mikarafuu yetu ni ndugu wa karibu mno; maradhi yakiushinda mmoja yaweza kuishinda mingi. Wazee wanaujua ugonjwa wa mikarafuu kufa ghafla.

Mti wenye nguvu ya kustahimili maradhi hutafutwa kwenye asili yake, na Maluku mikarafuu ya mwitu ingaliko. Siku hizi haichukuliwi usiku kwa jahazi. Mkataba wa Anuwai za Viumbe, uliotiwa sahihi Rio de Janeiro mwaka 1992 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1996, unasema kila dola ndiyo yenye amri juu ya mimea yake. Itifaki ya Nagoya ya 2010 ikaongeza kuwa mwenye kutaka mbegu aichunguze aombe idhini kwanza, na faida igawanywe kwa masharti waliyokubaliana.

Uko na mkataba wa FAO wa mwaka 2001, unaorahisisha kupeana mbegu za chakula. Mpunga, muhogo, mgomba na mnazi imo katika orodha yake iliyopitishwa mwaka huo, mkarafuu haumo. Kwa hiyo ombi letu halina budi kupita mlango wa serikali, na mlango huo haufunguki kwa siku moja. Ndiyo maana kamati inataka barua iende Wizara ya Kilimo mwaka huu, mikarafuu ikiwa bado mizima.

Kuuza karafuu kavu na makonyo hakuguswi na haya. Lakini mgeni akija shambani akitaka karafuu zilizopea, apeleke maabara ya kwao, mwulizeni kibali. Asipokuwa nacho, mleteni ofisini kwetu kabla hamjamchumia.