Je, Wajua? Wimbo wa Ujana Usiotoka Kwenye Chati

Je, wajua kwamba ubeti wa pili wa "Mr. Brightside", wimbo wa roki ya indi wa bendi ya The Killers kutoka Las Vegas, Marekani, ni ubeti wa kwanza uliorudiwa tu? Mwimbaji Brandon Flowers hakuwa ameandika mwingine. Uvivu wenye baraka huo, maana msikilizaji humsikia mtu mwenye wivu akizungushwa na wazo lile lile. Na wivu wenyewe ulikuwa wa kweli: Flowers alimfumania mpenzi wake na mwanamume mwingine katika baa moja ya mji huo.

Ulipotolewa Uingereza mwaka 2003 na kampuni ndogo ya London, haukutikisa. Ulitolewa tena mwaka 2004, ukafika nafasi ya 10 na kuishia hapo. Ila haukuaga. Kufikia mwaka 2024 ulikuwa umekaa zaidi ya wiki 400 katika 100 bora, ukatangazwa kuwa wimbo uliofanikiwa kuliko zote nchini humo bila kuwahi kushika namba moja, ukiupiku "Wonderwall" wa Oasis.

Mashabiki wake wa mwanzo sasa wameanza kuota mvi. Wanasaikolojia wamebaini kuwa watu wazima hukumbuka zaidi mambo ya umri wa takriban miaka 10 hadi 30, na muziki huyaamsha upesi. Basi ukimsikia mjomba akiapa kwamba muziki mzuri uliishia enzi zake, mvumilie. Kwa wimbo huu, hata vijana wa leo wako upande wake.