Je, Wajua? Ndani ya Simu Yako Mna Utomvu wa Msonobari

Fundi simu anapogusisha chuma chake cha kulehemu kwenye bodi, kamoshi keupe hupanda na kibanda kikajaa harufu ya mti. Wengi hudhani moshi ule ni wa risasi. Sivyo. Risasi haifiki kwenye joto la kutoa moshi pale. Kinachofuka ni flaksi, dawa inayoisaidia solda kushika, na kwa miaka mingi flaksi imetengenezwa kwa utomvu wa misonobari, miti ileile inayogemwa katika msitu wa Sao Hill, Mufindi. Moshi huo si wa kuvuta kila siku bila dirisha wala feni: umewaletea pumu mafundi wengi duniani.

Utomvu ukishachemshwa na tapentaini kutoka, hubaki kitu kigumu chenye rangi ya asali kiitwacho kolofoni, jina lililotokana na Kolofoni, mji wa kale ulioko leo magharibi mwa Uturuki. Wapiga fidla hukisugua kwenye nyuzi za pinde zao. Mafundi wanakihitaji kwa sababu nyingine. Shaba ikikaa hewani hujivika utando wa oksaidi, na solda iliyoyeyuka ikiangukia utando huo hujikunja na kubiringika kama maji juu ya jani la magimbi. Kolofoni ina asidi. Ikipata moto huyeyuka, ikautafuna utando, ikaifunika shaba hewa isiifikie tena, na solda ikatandaa. Solda ya zamani ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Ile isiyo na risasi, iliyoenea baada ya Umoja wa Ulaya kuibana risasi kuanzia Julai 1, 2006, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, kwa hiyo flaksi yake hulazimika kuvumilia moto zaidi.

Uzuri wa kolofoni huonekana ikipoa. Hurudi kuwa ngumu, haiyeyuki kwenye maji, haipitishi umeme, na asidi yake hulala humo. Ila peke yake ni mpole mno kwa shaba iliyochakaa, ndiyo maana watengenezaji huichanganya na vichochezi vikali, vingine vyenye klorini au bromini. Mabaki ya vichochezi hivyo yakinaswa ndani ya kolofoni ngumu hutulia, kama mdudu ndani ya kaharabu. Yakipata upenyo, kazi inaanza.

Upenyo huo huletwa na unyevu. Hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja inatosha kuweka juu ya bodi utando wa maji usioonekana kwa macho. Ioni za mabaki ya vichochezi huufanya utando huo wa maji upitishe umeme. Chuma cha upande chanya huanza kuyeyuka, husafiri majini, kisha huganda upande hasi na kuota matawi membamba yanayorudi yalikotoka. Palipo na maji na volti chache tu, mti huo wa chuma waweza kuota ndani ya dakika chache. Ukigusa upande wa pili, ni shoti. Na mara nyingi ni mwembamba kiasi kwamba shoti hiyohiyo huuunguza ukapotea, simu ikawaka tena kana kwamba haijawahi kuugua. Hapo mteja na fundi huanza kubishana bure, kumbe wote wawili wanasema kweli.

Zamani viwanda viliosha bodi zao kwa CFC-113, kimiminika kilichosafisha vizuri sana lakini kikala tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukafungua njia ya kukiondoa. Viwanda vingine vikahamia flaksi inayooshwa kwa maji. Vingine vikachagua flaksi ya kuachwa bila kuoshwa, yenye asidi dhaifu kama ya adipiki. Hiyo ndiyo imetawala leo. Sharti lake ni kwamba iive. Moto ukiifikia yote, kinachobaki hakina madhara makubwa. Ile iliyosukumwa chini ya chipu na bomba la sindano, ambako upepo wa moto haukufika, hubaki mbichi na asidi yake macho.

Kwa hiyo kuosha nusunusu ni kubaya kuliko kutoosha. Spiriti kidogo na mswaki wa zamani huyeyusha kolofoni, yaani huvunja kaharabu, halafu spiriti inakauka na kuacha mabaki yametapakaa hadi chini ya vipuri, na ukungu mweupe juu yake. Anayeosha na aoshe kweli: alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, tena nyingi, kisha asuuze kwa nyingine safi na kukausha.

Uchafu unaozungumzwa hapa ni mdogo ajabu. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa jeshi la majini la Marekani walibuni kipimo cha kuosha bodi kwa alkoholi na maji, kisha kupima jinsi maji hayo yanavyopitisha umeme. Kikomo kilichotumika kwa miongo mingi kilikuwa sawa na mikrogramu 1.56 za chumvi kwa kila sentimita mraba. Punje moja ya chumvi ya mezani, yenye uzito wa mikrogramu 60 hivi, ingetosha kukifikia kikomo hicho kwenye sentimita mraba 38. Ndiyo maana viwandani bodi hushikwa kwa glavu, tena pembezoni: jasho la kidole nalo lina chumvi.