Mteja Hanunui Gramu, Ananunua Sarafu Iliyo Mfukoni

Leo tuongee bei.

Ingia duka lolote la mtaani, Nachingwea au Ruangwa, uangalie vitu vinavyotoka haraka: sabuni ya unga, majani ya chai, mafuta ya kupaka. Vingi vimefungwa vya sh 100, 200, 500 au 1,000. Hiyo siyo bahati. Kampuni inaanza na sarafu uliyonayo, ndiyo inarudi nyuma kupanga iweke gramu ngapi.

Mbinu hii ni ya zamani. Kule Marekani Coca-Cola iliuzwa senti 5 tangu 1886 mpaka kwenye miaka ya 1950. Sababu mojawapo ni kwamba mashine za kuuzia soda zilikuwa zinapokea sarafu ya senti 5 tu. Sarafu ndiyo iliyoamua bei.

Sasa wewe unayeuza kwa WhatsApp na Facebook unachukua nini hapo?

1. Anza na pesa ya mteja
Mimi nauza sabuni ya maji. Nusu lita naweka sh 1,000, siyo 1,150. Noti moja, biashara imeisha, hakuna kutafuta chenji.

2. Weka saizi tatu
Angalia bando za simu: siku, wiki, mwezi. Ukilinganisha tu, kubwa inaonekana nafuu. Kwangu nusu lita ni 1,000, lita 2 ni 3,800, dumu la lita 5 ni 7,500. Anayepiga hesabu anaona dumu ni 1,500 kwa lita, anachukua dumu. Na mimi napata nafuu, maana chupa ndogo ndogo na lebo ndizo zinazokula faida.

3. Taja bei ya mpaka mkononi
9,900 inavutia machoni, lakini mteja wa Ruangwa akiambiwa aongeze ya kutolea na nauli ya mzigo, utamu unaisha. Jumlisha kila kitu, mpe bei moja. Na acha kuandika "bei njoo inbox". Wengi hawaji, wanapita.

4. Fuata msimu
Huku pesa ina kalenda yake. Minada ya korosho ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, inapoanza kwenye Oktoba, malipo yanaingia kwenye akaunti za wakulima. Hapo tangaza madumu, seti, vitu vya jumla. Ikifika Februari watu wako shambani na mfuko umekauka, rudisha vile vya 500 na 1,000. Bidhaa ni ileile, kinachobadilika ni kifungashio.

5. Usipunguze kimya kimya
Gharama zikipanda, makampuni mengi hayagusi bei, yanapunguza ujazo. Pakiti ni ileile, ndani hewa. Hii usiige hivi hivi. Mkulima wa huku anaijua kangomba, kuuza korosho kwa chombo badala ya mzani, huku bei akipanga mnunuzi. Mtu aliyepitia hayo ana jicho la kipimo. Kampuni kubwa ikipoteza mteja mmoja haijui hata jina lake. Wewe ukimpoteza mmoja, kesho kikundi chao chote cha vikoba kina habari.

Ukilazimika kupunguza, sema: "Malighafi imepanda, chupa ya 1,000 sasa ni mililita 450." Iandike kwenye lebo na kwenye status. Atakayelalamika atalalamika leo, lakini mwezi ujao bado ataagiza kwako kwa sababu hujamficha.

Mbinu ya bei ni halali pale mteja akipiga hesabu mwenyewe na bado akaridhika. Akigundua kitu na akajiona mjinga, huo ni wizi wenye lebo nzuri.

Wewe unauza nini, na bidhaa yako inayotoka zaidi ni ya shilingi ngapi? Andika hapo chini tusaidiane kupanga bei.